Mchumba wangu anasema wimbo ninaoupenda ni wa watalii

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Voi, na kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi ya uuguzi katika makao ya wazee magharibi mwa Ireland, karibu na mji wa Galway. Huku ndiko nilikokutana na mchumba wangu, kijana wa kaunti jirani ya Clare, ambaye mchana ni fundi umeme na usiku ni mpiga fidla. Ni mtu mpole, hanywi kupita kiasi, ameshafika nyumbani kwetu na kumaliza mambo ya mahari na baba pamoja na wajomba zangu bila manung'uniko, nasi tumepanga kufunga ndoa mwakani katika kanisa la parokia ya kwao. Ninayaeleza haya mapema ili usije ukadhani kwamba ninamshtaki mtu mbaya.

Tatizo letu ni muziki. Nilipokuwa sekondari, redio zilikuwa zikipiga nyimbo za Westlife, bendi ya vijana wa Ireland, asubuhi na jioni, na sisi wasichana wa bweni tulikuwa tumeyanakili maneno yake kwenye madaftari ya mazoezi. Baadaye nikamjua mwimbaji Enya, kisha nikalipenda kundi la The Corrs kwa fidla na filimbi zao, wote wa huku huku Ireland, na hadi leo nikitoka zamu ya usiku nimechoka, sauti hizo ndizo zinazonituliza. Kuliko zote ninaupenda wimbo wa "You Raise Me Up", kwa sababu marehemu mama aliupenda, na kwaya ya parokia yetu iliuimba siku tulipomzika. Ninatamani uimbwe siku ya harusi yangu, kwa kuwa yeye hatakuwapo.

Mchumba wangu hataki hata kuusikia. Anasema nyimbo za namna hiyo ni ukungu wa kuuziwa watalii, kwamba hazina uhusiano wowote na muziki wa kwao, na kwamba ukiimbwa kanisani hataweza kuwatazama wenzake usoni. Hivi karibuni nilikwenda naye kwenye baa wanakokutana kupiga muziki. Wanakaa kwa duara, wamewageuzia wateja migongo, hakuna jukwaa wala kipaza sauti, na tuni moja huingia katika nyingine bila mtu yeyote kutangaza jina lake. Mtalii mmoja akaomba apigiwe "Danny Boy", ule wimbo wa huzuni ambao wageni wengi huujua kama wimbo wa Ireland. Wapigaji wakatazamana, mzee mmoja wa filimbi akainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka, kisha wakaanza tuni nyingine ya haraka kana kwamba hawakusikia kitu. Hapo ndipo mchumba wangu alipowaambia wenzake, huku akinielekezea upinde wa fidla, kwamba hata mke wake mtarajiwa anataka "You Raise Me Up" siku ya harusi. Wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini njiani kurudi nyumbani sikuzungumza.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mama yake mzazi ana kabati zima la kanda na diski za mwimbaji Daniel O'Donnell, ambazo kwa utamu na machozi zinazishinda nyimbo zangu, na anapozipiga, mwanawe hutoka nje kwenda kumwangalia mbwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni mimi mgeni tu nisiyejua. Je, ni kweli kwamba ninachokipenda ni kitu cha bandia? Niuache wimbo ili pawe na amani, au niushikilie? Na je, mtu anayekicheka kile ninachokililia atanifaa katika maisha?

Ni mimi,
Mwenye Fidla Nyumbani, Galway

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali lako la ubandia, ingawa silo zito kuliko yote, kwa sababu mchumba wako amelifanya ngao, na usipoelewa ngao hiyo imetengenezwa kwa kitu gani utazungumza naye bila kumfikia.

Mimi nilisomeshwa na masista waliotoka Ireland, nikaanza kuzijua nyimbo zao tangu nikiwa na soksi za shule, na nadhani mchumba wako ana hoja ya kweli hata kama ameisema vibaya. Huko huko Connemara, si mbali na unakofanya kazi, upo uimbaji wa kale wa Kiairishi uitwao sean-nós. Mwimbaji huimba peke yake bila chombo chochote, hafanyi ishara, hapandishi sauti ili kuonyesha uchungu, mara nyingi hufumba macho, na uhodari wake huwa katika vikorombwezo vidogo anavyovisokota ndani ya silabi. Wimbo unaweza kuwa wa mama anayemlilia mwanawe aliyezama baharini, na uso wa mwimbaji usibadilike. Wakati mwingine msikilizaji aliye karibu humshika mkono na kuuzungusha polepole, akienda na wimbo hadi mwisho. Mwimbaji mashuhuri wa mtindo huo, Joe Heaney, aliyezaliwa Carna mwaka 1919, alihamia Marekani akafanya kazi ya bawabu mjini New York, na waliomsikia wanakumbuka jinsi alivyokuwa akiyaacha maneno yafanye kazi yake bila yeye kuyasukuma. Mtu aliyelelewa katika mila hiyo anaamini kwamba kulia ni haki ya msikilizaji, na kwamba mwimbaji akilia kwanza amemnyang'anya.

Sasa zitazame nyimbo zako. Zinaanza kwa kinanda laini, filimbi inapita kama inatoka ng'ambo ya bonde, mwimbaji ananong'ona, ngoma zinaingia, kwaya inajazia nyuma, kisha wimbo mzima unapandishwa ngazi moja juu, na ikiwa ni Westlife vijana wanainuka kwenye viti vyao virefu wakati huo huo. Kila hatua inakuambia sasa ni wakati wa kuguswa. Anayependa kuguswa hupokea mwaliko huo kwa shukrani, na asiyependa kuamrishwa huona kama ameshikwa kichwa na kuelekezwa pa kutazama. Wewe ni wa kwanza, yeye ni wa pili, na hakuna kati yenu aliyesikia vibaya. Ukitaka kumwelewa bila kutoka nyumbani, wakumbuke wazee wa Unguja waliokulia na taarab ya Ikhwani Safaa wanavyokunja uso rusha roho inapoanza.

Ugomvi huu hata haukuanza na redio. Kuanzia mwaka 1808 mshairi Thomas Moore wa Dublin alikuwa akichapisha nyimbo tamu za Kiingereza zilizovishwa tuni za kale za Ireland, zikaimbwa katika sebule za matajiri wa London, wakalia, na vitabu vikauzwa sana. Mhakiki Mwingereza William Hazlitt akamshutumu mwaka 1825 kwamba amekichukua kinubi cha mwituni cha Ireland akakigeuza kuwa kisanduku cha ugoro kinachocheza muziki. Baadaye njaa kuu ya miaka ya 1840 ikawatawanya Waairishi duniani, na watoto wao waliozaliwa Boston na New York wakahitaji nyimbo za nchi ambayo hawajaiona. Nyimbo za namna hiyo hupenda milima, ukungu na mama aliyeachwa mlangoni, na mara nyingi hazina habari za kodi ya nyumba wala za mvua inayoharibu nyasi za ng'ombe. Mtu wa Clare anayeishi na mvua hiyo, kisha anaona sura ya nchi yake ikiuzwa hivyo kwenye matangazo ya utalii na maduka ya viwanja vya ndege, ana sababu ya kukereka, na mtalii yule wa "Danny Boy" alikuja kumkumbusha hasa jambo hilo.

Lakini kutoka hapo hadi kuziita nyimbo hizo bandia ni safari ndefu, na hapo ndipo ninapoachana naye.

Enya alizaliwa mwaka 1961 Gweedore, kaunti ya Donegal, katika eneo ambalo Kiairishi ndiyo lugha ya nyumbani, na baba yake alikuwa mwanamuziki mwenye baa yake mwenyewe. Ndugu zake na wajomba zake wawili ndio walioanzisha Clannad, bendi iliyoimba nyimbo za kale walizozipata kwa wazee wa sehemu zile, na mwaka 1982 wimbo wao wa Kiairishi ukafika nafasi ya 5 katika chati za Uingereza, jambo ambalo wimbo wa lugha hiyo haukuwa umelifanya. Enya alikuwa pamoja nao kwa muda mfupi kabla ya kujitenga. Ule ukungu wa sauti unaomkera mchumba wako haukutoka kiwandani pia: mtayarishaji wake, Nicky Ryan, alikuwa na ndoto ya kuifanya sauti ya mtu mmoja iwe kwaya, kwa hiyo Enya huimba mstari ule ule mara makumi kwa makumi, na kila mara hurekodiwa upya juu ya iliyotangulia. Ni kazi ya miezi na ya subira, ambayo ndiyo sababu moja ya yeye kutowahi kufanya ziara ya matamasha. Binafsi naweza kumsikiliza kwa robo saa, baada ya hapo nasinzia, lakini siwezi kusema kwamba mtoto wa Gweedore anaigiza kuwa Mwairishi. Na yule Daniel O'Donnell wa mama mkwe wako naye ni wa Donegal, kutoka Kincasslagh, mwendo mfupi tu kutoka Gweedore, na amezaliwa mwaka ule ule wa 1961. Pwani moja imewatoa wote wawili, pamoja na wapiga fidla wakali ambao mchumba wako bila shaka anawaheshimu.

Wimbo wako wenyewe una nasaba ya kuchekesha. Tuni yake ni ya Rolf Løvland, raia wa Norway, ambaye pamoja na mpiga fidla wa Kiairishi Fionnuala Sherry waliunda kundi la Secret Garden na kuishindia Norway mashindano ya Eurovision mwaka 1995, tena mjini Dublin. Løvland alisoma riwaya ya Brendan Graham kuhusu njaa kuu, akaipenda, akamwomba mwandishi huyo wa Ireland aiandikie tuni yake maneno. Secret Garden waliutoa wimbo mwaka 2002 ukiimbwa na Brian Kennedy wa Belfast, Mmarekani Josh Groban akausambaza mwaka uliofuata, na Westlife wakaupeleka nafasi ya 1 Uingereza mwaka 2005, ndipo ulipowafikia ninyi bwenini. Mtunzi mmoja wa Iceland alipokwenda mahakamani California kudai kwamba tuni hiyo imeibwa kutoka katika wimbo wake wa miaka ya 1970, alishindwa mwaka 2020. Upande wa utetezi ulikuwa umeeleza kwamba yanayofanana katika nyimbo hizo mbili yalikuwapo tayari katika nyimbo za zamani zaidi, ikiwemo "Londonderry Air", ambayo ndiyo tuni ya "Danny Boy".

Tuni hiyo nayo ilinakiliwa na Jane Ross wa Limavady na kuchapishwa mwaka 1855 bila jina wala maneno, kisha maneno ya "Danny Boy" yakatungwa na Frederic Weatherly, wakili Mwingereza, aliyeyaunganisha na tuni hiyo na kuyachapisha mwaka 1913. Wapigaji wakongwe waliojifanya hawakusikia ombi la mtalii walikuwa wakiyakimbia maneno ya wakili huyo, lakini tuni yenyewe ni ya nyumbani kwao kabisa. Hata ile duara ya baa, ambayo wewe umeiona kama kitu cha tangu na tangu, haina umri mkubwa. Zamani muziki ule ulikuwa wa jikoni kwa watu na wa dansi za nyumbani, mpaka sheria ya mwaka 1935 ya kumbi za dansi ilipozibana dansi hizo, na desturi ya kukusanyika baa ilikuzwa sana na wahamiaji wa Ireland waliokuwa vibarua London katika miaka ya 1940 na 1950, ambao hawakuwa na jikoni za kutosha kualikana. Huenda mchumba wako anayajua yote haya kuliko mimi. Kama anayajua, basi anajua pia kwamba kipimo cha asili na bandia hakiwezi kuwakatia kesi hii.

Kinachobaki ni kujiuliza wimbo unafanya kazi gani na mahali gani. Hebu yaangalie maneno ya wimbo wako: hayamtaji Mungu, hayamtaji mama, hayamtaji mpenzi, yanamwambia "wewe" tu, na kila mwenye kuimba humweka hapo yule anayemhitaji. Ndiyo maana unaimbwa harusini, mazishini na hata viwanjani. Anayetaka ushairi wenye makali huona hapo uvivu, na aliyefiwa huona kiti kilichoachwa wazi. Tuni nayo hujizuia chini katika beti, kisha katika kiitikio hupanda, kama ile ya Londonderry ambayo noti yake ya juu kabisa huja karibu na mwisho, wakati kifua kimeshajaa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, televisheni za Marekani zilipiga wimbo wa Enya "Only Time" juu ya picha za vifusi, na watu ambao hawakuwahi kununua diski yake waliununua. Wakosoaji waliomwita mwanamuziki wa kuogea na mishumaa hawakuwa na kitu kingine cha kuwapa watu wale wiki ile. Kwaya yenu ya Voi ilifanya kazi hiyo hiyo kaburini kwa mama yako, na hakuna mpiga fidla wa Clare mwenye mamlaka ya kuifuta.

Sasa nije kwenye kicheko. Katika barua yako umetaja kaburi la mama, lakini hukusema kwamba umemweleza yeye. Umemwambia kwamba unaupenda wimbo, au umemwambia kwamba uliimbwa mkimfukia mama yako? Ikiwa alijua hilo na bado akalifanya kichekesho cha baa, basi huo si mjadala wa muziki tena, na itakubidi umwambie waziwazi kwamba amekuumiza, kisha uangalie anavyolipokea. Akiomba radhi na kuacha, mambo yaendelee. Akisema huna ucheshi, niandikie tena kabla hujashona gauni. Lakini ikiwa hakujua, na ninaelekea kuamini kwamba hakujua, basi mwache alijue mkiwa wawili, jioni asipokuwa na fidla mkononi, na usilitoe katikati ya ubishi kama karata ya kumshindia.

Baada ya hapo mwombe jambo ambalo wapiga muziki hupenda kuombwa: akupigie kile anachoona kinabeba huzuni kweli. Atakupigia mojawapo ya vile vipande vya polepole visivyo na maneno, ambavyo mara nyingi ni tuni za nyimbo za sean-nós zilizohamishiwa kwenye fidla. Kisikilize mpaka mwisho, na kama hakijakugusa, mwambie hakijakugusa. Si lazima akupende kupitia Enya wala wewe umpende kupitia kaunti ya Clare. Mama mkwe wako amelea mpiga fidla huku kabati limejaa Daniel O'Donnell, na nyumba haijaanguka.

Kuhusu harusi yenyewe, ushauri wangu ni kwamba wimbo uwepo, ila uimbwe kama ulivyoimbwa Voi na si kama ulivyorekodiwa. Usiruhusu muziki wa diski upigwe kwenye spika huku mtu akiimba juu yake, kwa sababu hiyo ndiyo sura inayomtia aibu, na kwa kweli hata mimi hunitia. Kusanya Wakenya na Watanzania wenye sauti, ambao najua huko Galway hawakosekani, mjipange sauti nne bila chombo, mwimbe wimbo katika ufunguo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho bila ule mruko wa juu. Utashangaa jinsi unavyobadilika ukiondolewa ngoma na mapambo, na inawezekana akausikia kwa mara ya kwanza. Mpe yeye nafasi yake: kipande cha fidla wakati wa komunyo, atakachochagua mwenyewe, bila wewe kukipigia kura. Kumwomba apige fidla chini ya kwaya yako nisingeliharakisha. Akijitolea ni sawa, lakini ukimsukuma atapiga kwa meno yaliyokazwa na watu wataona.

Lipo jambo moja la utaratibu. Parokia nyingi za Ireland hutaka orodha ya nyimbo mapema, kwa kuwa muziki wa misa ya ndoa unatakiwa uwe wa ibada, na mapadri hutofautiana kuhusu nyimbo kama huu ambao haumtaji Mungu kwa jina. Wengine huuruhusu popote, wengine husema usubiri wakati maharusi wanatia sahihi daftari la ndoa, wengine huupeleka ukumbini moja kwa moja. Wakati wa kutia sahihi ungekufaa, kwa sababu watu wamekaa, shughuli kubwa imekwisha, na wewe utakuwa umeshaacha kutetemeka. Malizaneni ninyi wawili kabla ya kwenda kumwona padri, maana akiukataa wimbo wakati hamjaelewana, mchumba wako atadhani ameshinda, na wewe utadhani walipanga.